Makofi Yaliyochelewa

"Mwanangu, huyu dada mbona anaimba mara mbili?"

Aliyeniuliza alikuwa shangazi wa bibi harusi, mama wa makamo, kanga ya pili kaifunga kibwebwe tayari kwa kucheza. Alikuwa amekatiza uwanja mzima wa shule kunifuata kwenye meza ya mitambo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba mbio mbio na kuendelea na lake: "Kule nyuma tulikokaa, neno likishapita linarudi tena. Anamsema nani, hatujui. Anamsifu nani, hatujui."

Nikavua hedifoni, nikaongozana naye mpaka katikati ya uwanja. Kweli. Mwimbaji alitamka "wivu", na kabla hujapepesa jicho uwanja ukatamka tena "wivu".

Harusi ilitarajiwa watu 400. Lakini hapa Tanga ukisema kuna taarabu uwanjani, tena bure, wanakuja mpaka wasiomjua bwana harusi kwa sura. Mwenye shughuli akaniambia, fundi, fanya ufanyavyo, wa nyuma nao wasikie. Nikavuta waya mita 80, nikapandisha spika mbili juu ya madawati, nikarudi mezani najipongeza. Miaka 17 kwenye kazi hii, nilijiona nimemaliza.

Baada ya kuitwa na yule mama, nikazizima spika za nyuma. Sauti ikawa moja, ila walio mbali wakabaki na besi tupu. Wakaanza kusogea mbele, viti vikapinduka, watoto wakalia. Taarabu ni maneno. Ukimnyima mtu maneno umemwachia kelele, na kelele angeweza kubaki nazo kwao.

Malipo yangu yalikatwa. Sikubishana.

Kilichonikaa rohoni wiki zilizofuata si hela. Nilikuwa najiuliza: wale wenzetu wanaojaza viwanja vya mpira kwa magitaa, watu elfu hamsini, elfu sabini, mara ya kwanza walifanyaje? Kila usiku baada ya isha nikawa nafungua simu na kuangalia picha za zamani, hedifoni masikioni, mke wangu akiniuliza kama kuna mtihani ninaosomea.

Jibu fupi: walichemka kama mimi.

## Wati mia moja

15 Agosti 1965, Shea Stadium, eneo la Queens, New York. The Beatles, bendi ya vijana wanne wa Uingereza. Habari za nywele na mayowe mnazijua. Mimi niliangalia mitambo.

Steji ndogo imewekwa katikati ya uwanja wa besiboli. Kwenye majani hakuna mtazamaji hata mmoja. Watu 55,600 wako majukwaani, na aliye karibu kuliko wote bado yuko mbali kiasi cha kutamani darubini. Nyuma ya wapigaji zimesimama amplifaya za Vox, zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya ziara ile, wati 100 kila moja. Wati mia! Mimi nikienda kupiga kicheni pati ya uani nabeba zaidi ya hizo. Sauti za waimbaji zilipitishwa kwenye vipaza sauti vya uwanja wenyewe, vile vile vya kutangazia nani anaingia na nani anatoka.

Na hakuna monita.

Kwa msiojua kazi yetu: monita ni spika inayomtazama mwimbaji badala ya watu. Bila hiyo, aliye stejini anaimba gizani. Sauti yake inakwenda mbele haimrudii, na kinachomrudia ni kelele za watu. Ringo Starr, mpiga ngoma wao, alikuja kueleza baadaye kwamba alikuwa akiwatazama wenzake kwa nyuma, wanavyotikisa vichwa na makalio, ndipo ajue wimbo umefika wapi.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana mpiga ngoma wa bendi moja ya hapa mjini alishanilalamikia jambo hilo hilo, nikamjibu azoee.

Walipiga kama nusu saa hivi. Wimbo wa mwisho John Lennon anapiga kinanda kwa kiwiko huku akicheka. Watu wengi huonyesha kipande kile kama ushahidi wa furaha. Huenda. Mimi nimeshaona wapigaji wakifanya mizaha ya aina ile stejini, na mara nyingi ni usiku ambao wameshakata tamaa ya kusikika.

Sasa geti. Tiketi ya bei ya juu ilikuwa dola 5.65. Zilikusanywa dola 304,000, na vijana wanne wakaondoka na 160,000 katika hizo.

Pale Shea, hela ilisikika kuliko magitaa.

Nilipofika hapo nikasimamisha picha. Siku zote nilidhani mambo yalikwenda kwa mpangilio: mitambo ikakua, ikatosha uwanja, basi wanamuziki wakahamia uwanjani. Sivyo kabisa. Kwanza walikuja watu, wengi kuliko kumbi zote za mji. Kiwanja cha besiboli kipo, timu ikisafiri kimelala, viti vimeshajengwa. Mwandaaji anahitaji steji moja na polisi wa kutosha. Sauti ilifikiriwa mwisho, sawasawa na mwenye shughuli wangu aliyealika mji mzima kisha akaniambia fanya ufanyavyo.

## Filamu iliyorekebishwa

Nina kijana ninayemfundisha kazi. Wiki zile nilikuwa nikimwambia, tazama wazee wa Shea, wati mia mia, na bado sauti zao zinaingiliana safi kama asali. Kazi ni masikio, si vifaa. Nimelisema hilo kijiweni, nimelisema kwenye msiba.

Halafu nikagundua kwamba filamu ya tamasha lile la Shea, niliyokuwa nikiiangalia, ilipitishwa studio. Januari 1966 wale wanne walikaa London wakarekodi upya sehemu za nyimbo na kuzipachika juu ya picha, kwa sababu sauti ya uwanjani ilikuwa haifai kuonyeshwa. Ile asali niliyokuwa nikiitolea mfano ilipikwa miezi mitano baadaye, kwenye chumba kimya.

Nilitahayari peke yangu.

Ila kulikuwa na nafuu ndani yake, siwezi kuficha. Kumbe na wao!

29 Agosti 1966 wakapiga Candlestick Park, San Francisco, mbele ya watu kama 25,000, viti vingi vikiwa vitupu. Baada ya pale hawakufanya tena ziara. Sababu zinazotajwa ni nyingi: uchovu, vitisho, ujana kuisha. Mimi kwa jicho la fundi naona na hii: kwa miaka mitatu walikuwa wanaimba bila kujisikia, nyimbo zao zikizidi kuwa ngumu studio huku mitambo ya viwanjani ikibaki ile ile ya kutangazia mpira. Mtu mwenye masikio hawezi kuvumilia hayo milele.

Kwa wiki nzima niliamini hilo ndilo funzo. Kwamba muziki una ukubwa wake kama chungu kilivyo na ukubwa wake, ukizidisha unamwagika. Nikamwambia mke wangu sitachukua tena kazi ya uwanjani. Kumbi tu. Akaniuliza ada ya mtoto itatoka ukumbi gani.

## Waliokuja na malori

Nikarudi kwenye simu, safari hii kuwatafuta ambao hawakuacha.

Walionigusa kwanza ni ndugu wawili wa Lititz, mji mdogo wa Pennsylvania, Roy na Gene Clair. Walikuwa wanakodisha muziki kwao kama mimi ninavyokodisha hapa. Mwaka 1966 kundi la Four Seasons likaja kupiga kwenye chuo cha karibu, wakaipenda sauti, wakawaambia hawa ndugu wapakie vitu vyao waondoke pamoja. Hapo ndipo ilipoanza ile desturi ya bendi kusafiri na mitambo yake kwenye malori badala ya kukuta chochote kilichopo uwanjani. Kampuni yao mpaka leo inapigia matamasha dunia nzima. Sitasema sikuona wivu.

Mwingine ni Bill Hanley, aliyesimamisha minara ya spika kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, Agosti 1969, mbele ya umati unaokisiwa kuzidi watu 400,000. Kufikia 5 Mei 1973 bendi ya Led Zeppelin, peke yao bila bendi ya kuwafungulia, waliingiza watu 56,800 kwenye uwanja wa Tampa, Florida, wakaivunja rekodi ya Shea. Meneja wao Peter Grant alikuwa mtu wa kudai asilimia 90 ya geti, mwandaaji abaki na 10. Na waandaaji walikubali! Kumi ya uwanja mzima ilikuwa bado hela nyingi kuliko nusu ya ukumbi.

Lakini walioninyima usingizi ni bendi ya Marekani, Grateful Dead.

Mwaka 1974 walijenga kitu walichokiita Ukuta wa Sauti. Spika zaidi ya 600, kimo cha ghorofa tatu, uzito wa tani 75 hivi. Na waliuweka nyuma ya wapigaji, si mbele. Gitaa lina spika zake, besi ina zake, waimbaji wana zao, na aliye stejini anasikia kile kile anachosikia mtu wa mwisho kule nyuma. Shida ya Ringo imekwisha.

Fundi yeyote akisoma hapo anashtuka. Spika nyuma ya maiki? Maiki itapiga mluzi mpaka mbwa wa mtaa wa pili walie. Ujanja wao ulikuwa huu: kila mwimbaji alifungiwa maiki mbili, moja juu ya nyingine, nyaya za moja zimegeuzwa. Anaimba kwenye ile ya juu tu. Kelele za ukuta zinaingia zote mbili kwa usawa, na kwa kuwa moja imegeuzwa, zinafutana. Sauti yake yeye imeingia moja, kwa hiyo inabaki.

Nililijaribu hilo gereji kwangu kwa maiki mbili za bei nafuu. Linafanya kazi. Sauti inakuwa nyembamba, kama mtu anaimba na mafua, lakini mluzi haupo. Nilimwita kijana wangu saa nne usiku aje asikie.

Ukuta wenyewe haukudumu mwaka. Kuusafirisha na kuufunga kulikula kila walichoingiza, na Oktoba ile ile wakapumzika ziara. Nimewahi kukopa kununua spika kubwa kuliko gari la kuzibeba, kwa hiyo nawaelewa.

## Watkins Glen

Jibu la swali la yule mama nililipata kwenye tamasha ambalo jina lake sikuwahi kulisikia.

28 Julai 1973, Watkins Glen, jimbo la New York, kwenye uwanja wa mashindano ya magari. Walipiga bendi tatu: Allman Brothers, The Band, na hao hao Grateful Dead. Umati unakisiwa watu 600,000. Spika za mbele pekee haziwezi kufika, kwa hiyo wakasimamisha minara mingine kama mita 60 kutoka stejini. Yaani walifanya nilichofanya mimi juu ya madawati.

Ila wao walijua kitu nilichokisahau. Umeme ndani ya waya unafika papo hapo. Sauti hewani inatembea kwa miguu: katika joto letu la pwani, mita kama 347 kwa sekunde. Mtu aliyeketi karibu na spika ya nyuma anasikia neno kutoka kwenye waya kwanza, kisha neno lile lile linawasili kutoka mbele, limechoka, limechelewa. Ndipo anaimba mara mbili.

Dawa ni kuichelewesha ya nyuma kwa makusudi. Pale Watkins Glen walitumia vifaa vya kidijitali vilivyokuwa vipya kabisa wakati ule, wakaishika sauti ya minara kwa milisekunde 175, muda ule ule ambao sauti ya mbele inahitaji kutembea mpaka pale. Zikakutana. Kwetu mafundi tunaiita dilei, na kwenye miksa za kisasa, zile mashine za kuchanganya sauti, ni kitufe. Miksa yangu ni ya zamani, haina.

Mita 80 gawanya kwa 347. Sekunde 0.23. Ndicho kilichonikatia malipo.

## Kosa langu, kwa makusudi

Hapa ningeweza kununua miksa mpya na kufunga mada. Lakini kuna kitu kilikuja kunigeuza, na hakikutoka kwa mafundi.

Mwaka 1977 bendi ya Queen walipiga Bingley Hall, Stafford, Uingereza. Walipomaliza na kushuka, watu hawakupiga mayowe ya kuwarudisha. Waliimba. Ukumbi mzima ukawaimbia bendi wimbo wa mashabiki wa mpira. Brian May, mpiga gitaa, anasimulia kwamba alilala akijiuliza: watu waliobanana vile, ambao hawawezi hata kusogea, ukiwapa kazi wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga chini. Wanaweza kupiga makofi. Wanaweza kuimba.

Ndipo likaja lile dundo mnalolijua, kishindo, kishindo, kofi, "We Will Rock You". Hakuna ngoma ndani yake. Walikanyaga mbao studio, wakarekodi mara nyingi, kisha May, ambaye alisomea fizikia na baadaye akapata udaktari wa elimu ya nyota, akazichelewesha nakala zile kila moja kwa kiasi chake, kana kwamba kila mkanyagaji amesimama umbali tofauti. Anasema alichagua umbali wa namba tasa ili zisilandane zikatoa mwangwi.

Nilisimamisha tena simu.

Kuchelewa kule kule kulikoniharibia harusi, yeye alikuingiza ndani ya wimbo kwa mkono wake. Alitaka watu wachache wasikike kama uwanja, na uwanja ndivyo unavyosikika: hakuna kofi la watu elfu hamsini linalotua mara moja.

Baada ya hapo nikaanza kusikia nyimbo za viwanjani kwa sikio jingine. Nilizidharau muda mrefu. Nilisema ni nyepesi, maneno machache, kiitikio kinarudiwa mpaka kinachosha. Kumbe uwanja una mwangwi, na mwangwi hula maneno ya haraka. Ukipeleka pale ubeti wa taarabu wenye mafumbo matatu kwa pumzi moja, utafika uji. Dundo pana lenye nafasi katikati linavuka. Hawa watu walikuwa wanatunga kwa ajili ya hewa ya mita mia mbili, kama fundi seremala anayepima mlango kabla ya kukata mbao.

Bado sipendi nyingi kati ya hizo. Lakini siziiti nyepesi tena.

## Saa 12:41 jioni

13 Julai 1985, Wembley, London, tamasha la Live Aid, watu kama 72,000. Queen wanapanda jioni na jua la kiangazi bado liko juu. Hakuna taa za rangi, hakuna moshi. Wana dakika 21 tu, na mitambo si yao, ni ya wote.

Mwimbaji anaitwa Freddie Mercury. Ndugu zetu wa Unguja hawahitaji kukumbushwa: Farrokh Bulsara, amezaliwa Zanzibar 5 Septemba 1946, akasomeshwa bweni India, familia ikahamia Uingereza mwaka 1964. Wapo wanaotaka kila alichofanya stejini kiwe kimetoka Mji Mkongwe. Mimi sidai. Mtoto aliondoka mdogo, na muziki aliousaka ulikuwa mwingine.

Lakini tazama anavyoshika maiki. Ana nusu ya stendi, fimbo tupu isiyo na mguu. Nusu ile haimfungi mahali, anatembea nayo ukingo hadi ukingo, anaielekeza kwa watu kama mtu anayewakabidhi. Kisha anaacha wimbo kabisa. Anatoa sauti isiyo na neno, anakatisha, anasubiri. Uwanja unarudisha. Anatoa nyingine ndefu zaidi. Uwanja unarudisha.

Paukwa. Pakawa.

Sisi tulilelewa na hilo, kwa hiyo huenda tunaliona rahisi. Lakini mpigie paukwa mtu aliye mita 200. Jibu lake linaanza kama sekunde 1.15 baadaye, ukihesabu kwenda na kurudi, na linakuja vipande vipande, wa mbele kwanza, wa nyuma mwisho. Mwimbaji mwenye pupa angeingia juu ya jibu la wa nyuma. Freddie anawangoja. Nimeipima kwa saa ya simu, mara nyingi kuliko inavyostahili kwa mtu mzima: anangoja mpaka wa mwisho wamalize.

Kabla ya hapo ilikuwa "Radio Ga Ga", mikono yote juu, makofi mawili mawili. Picha inapochukuliwa kutoka stejini, tazama mikono ya mbali. Inafuata nyuma kidogo, kama upepo unavyolaza majani ya mpunga kuanzia kingo moja. Wale hawakukosea. Wamepiga kofi pale sauti ilipowafikia.

## Wa nyuma atatunza vipi?

Sasa shaka yangu, maana sijashawishika yote.

Kwenye taarabu mtu akiguswa anainuka. Anacheza taratibu mpaka mbele na noti yake, anamtunza mwimbaji, anaonyesha kwa kidole ubeti umempiga wapi. Hela inakuja baada ya neno. Ubeti mbovu haupati kitu, na mwimbaji anajua hapo hapo, mbele za watu.

Uwanjani hela imelipwa kwa tiketi, wiki nyingi kabla ya wimbo wa kwanza. Ukifika umeshamaliza kutunza, iwe ameimba au amelala. Ndiyo maana pale Shea iliwezekana kulipwa 160,000 kwa muziki ambao hata mwenye kuupiga hakuusikia.

Na wingi wenyewe una hatari zake. 3 Desemba 1979 huko Cincinnati watu 11 walikufa milangoni, kabla bendi ya The Who haijaanza kupiga. Viti vingi havikuwa na namba, anayewahi ndiye anayekaa mbele, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Nilipokumbuka viti vyangu vilivyopinduka na watoto waliolia, usiku ule sikuendelea kuangalia.

Kwa upande mwingine, kuna São Paulo, Machi 1981, Queen mbele ya watu zaidi ya 100,000 katika uwanja wa Morumbi. Wabrazili, lugha yao Kireno, wakaibeba "Love of My Life" kwa Kiingereza toka mwanzo, Freddie akawaachia. Yule wa safu ya mwisho kabisa hakuwa na njia ya kumfikishia noti. Alimfikishia alichokuwa nacho. Je, hiyo ni tunzo? Kijana wangu anasema ndiyo, tena kubwa. Mimi namwambia tunzo ni ile unayoweza kuizuia.

Hatujakubaliana. Tunapakia spika kimya kimya.

## Hatua mia

Mwezi uliopita nilinunua miksa ya dijitali, ya mtumba, kitufe kimoja kimefutika maandishi. Dilei ipo.

Kazi ya kwanza ilikuwa uwanja wa Pongwe, harusi tena, taarabu tena. Nilifika mchana kabla ya watu. Nikatembea kutoka stejini kwenda nyuma nikihesabu, hatua mia, kama mita 75. Nikaandika milisekunde 216. Nikaongeza 10 juu yake, huo ni ujanja wa wazee wa kazi: spika ya karibu ikichelewa kidogo kuliko ya mbele, sikio linaamini sauti yote imetoka stejini. Kijana wangu akasimama stejini akahesabu moja mbili kwenye maiki, mimi nikafumba macho kule nyuma. Moja ilikuwa moja.

Usiku, ubeti wa tatu wa wimbo wa nne, bibi mmoja akainuka karibu na spika za nyuma kabisa. Mzee hasa, kaegemea bega la mjukuu. Akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili, akaanza kuja.

Hatua mia kwa mwendo wake ni safari. Anacheza kidogo, anapumzika, anamwonyesha mjukuu njia ya kupita katikati ya viti. Alipofika nusu ya uwanja wimbo ukafika mwisho. Mpiga kinanda akainua mikono.

Mwimbaji alikuwa amemwona. Akamtazama wa kinanda, akazungusha kidole hewani, na kiitikio kikaanza upya. Kikaisha, bibi bado. Akazungusha tena.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kushusha sauti. Nikairudisha juu, mkono nikauacha pale pale kwenye kitufe. Mara ya tatu. Mara ya nne. Viti vya mbele watu wakaanza kutazamana, hawaelewi kwa nini wimbo hauishi.